Nimechoka na lami: nihamie vumbini na traki, au najidanganya?

Swali limetoka kwa ndugu mmoja wa Syokimau, miaka 38, ana mke na watoto wawili, ana Yamaha R6, pikipiki ya mwendo kasi ya cc 600, na ameendesha barabara za lami miaka tisa. Nimelifupisha kidogo: "Kocha salamu. Mwezi uliopita matatu ilinikatia pale Mlolongo, nikapita kati yake na ukuta wa katikati ya barabara, nafasi ilikuwa kama futi mbili hivi. Sikuanguka. Lakini tangu siku hiyo nikivaa helmeti mikono inatetemeka. Mke wangu hajaniambia niache, amesema tu amechoka kuogopa simu ikilia. Nataka kuuza niingie mambo ya vumbi na traki, yaani uwanja wa mbio. Je ni kweli ni salama zaidi ama najidanganya? Nianze wapi, na mashine gani? Na hii R6 nibaki nayo ya traki ama niuze?"

Ndugu yangu, pole sana kwanza, na hiyo mikono kutetemeka usiionee aibu, nimeona wanaume wa miaka ishirini kwenye pikipiki wakitetemeka hivyo hivyo na wengine wakajilazimisha kurudi barabarani wiki hiyo hiyo eti wasije wakaitwa waoga. Usijilazimishe. Hiyo R6 ifunike na turubai, usiiguse mpaka umalize kusoma hapa na kukaa na mama watoto mkaongea.

Mimi nilitoka lami 2013. Ilikuwa asubuhi mapema, natoka Athi River naelekea mjini, sikuwa na haraka, 80 hivi, na lori lililokuwa limesimama pembeni likaingia barabarani kugeuza, hakuna taa hakuna honi. Kitu nakumbuka mpaka leo ni gurudumu lake la nyuma, matope yaliyokauka katikati ya nati, niliyaona wazi kabisa, na nikawa na wakati wa kuwaza kwamba hili lori limetoka machimboni. Halafu nilikuwa chini. Paja na mtulinga. Dereva alikuja akachuchumaa karibu na kichwa changu, nikawa naona ndala zake za bluu tu, anasema sikukuona, wallahi sikukuona. Na nilimwamini. Hilo ndilo lililonitoa barabarani, zaidi ya paja, manake mtu akikufanyia ubaya makusudi unaweza kujifunza kumkwepa lakini huyu alisema ukweli, alitazama na hakuniona, sasa huyo nitajikinga naye vipi?

Na hii habari ya sikukuona sio ya barabara ya Mombasa peke yake. Mwaka 1981 kule Marekani, Harry Hurt wa University of Southern California alitoa ripoti ambayo mpaka leo watu wa pikipiki wanaitaja. Timu yake ilikwenda kwenye ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, pale pale zilipotokea, wakapima alama za breki na kuongea na waliohusika. Karibu robo tatu ilikuwa pikipiki kugongana na gari, na katika theluthi mbili za hizo, mwenye gari ndiye aliyeingia njia ya pikipiki. Dereva hakuiona au aliiona akiwa amechelewa. Miaka zaidi ya arobaini imepita, na kule kwao barabara zina mistari na taa, we fikiria hapa kwetu ambapo Probox inaweza kutoka upande wowote.

Kwa hiyo nikujibu swali lako la kwanza. Neno "salama" mimi silitumii. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hatari inabadilisha mmiliki. Barabarani makosa ya watu wengine ndiyo yanayokuua hata ukiendesha vizuri miaka tisa. Vumbini na traki makosa ni yako, karibu yote, na kosa likiwa lako unaweza kulifanyia kazi Jumamosi ijayo. Traki hakuna anayekuja mbele yako, hakuna nguzo ya stima, hakuna lori linalogeuza, wote mnaenda upande mmoja na kuna mtu na bendera na gari la wagonjwa linasubiri. Vumbini mwendo ni mdogo, na mwendo ndio kila kitu, manake nguvu ya kugonga inapanda kwa mraba wa mwendo, mtu anayeanguka akiwa na 100 anabeba nguvu zaidi ya mara sita kuliko anayeanguka na 40. Sio mara mbili na nusu, ni mara sita na zaidi.

Lakini utaanguka. Hapa ndipo watu wanaotoka lami wanashtuka. Lami pengine umeanguka mara moja maisha yako yote, vumbini siku ya kwanza utaanguka mara nne kabla ya chai ya saa nne. Nyingi unainuka unakung'uta suruali. Nyingine ni mtulinga, kifundo cha mkono, kano za goti. Na zipo zile mbaya kabisa, za uti wa mgongo na za kichwa, sitakuficha, motokrosi, yaani mbio za vumbi zenye matuta ya kuruka, inazo. Marc Márquez, bingwa wa dunia mara kadhaa wa MotoGP, mbio kubwa kabisa za pikipiki za traki, mwishoni mwa 2021 alianguka akifanya mazoezi ya vumbini, akapata mtikisiko wa ubongo na macho yakaanza kuona vitu viwili viwili, akakosa mbio za mwisho za msimu. Na traki nako kuna kifo cha aina yake, kama cha waendeshaji hawa wa mbio za dunia: Marco Simoncelli pale Sepang 2011, Jason Dupasquier pale Mugello 2021 akiwa na miaka 19, wote wawili walianguka halafu wakagongwa na waliokuwa nyuma yao. Hicho ndicho kitu cha kuogopa traki, kubaki chini kwenye njia ya wenzako. Motokrosi ni hivyo hivyo nyuma ya tuta la kuruka, anayekuja hewani hakuoni na hawezi kusimama angani. Ndiyo maana mimi nikimuona mtu anapuuza bendera ya manjano, ile ya kuonya kwamba mbele kuna hatari, ninamtoa nje siku nzima, hata awe rafiki yangu, hata awe amelipa.

Sasa nianze wapi. Vumbini kwanza, mwaka mmoja, traki baadaye. Hili nina msimamo nalo. Traki ya lami inakufundisha mambo mazuri sana lakini unajifunza ukiwa na mwendo, na wewe saa hii una woga mwilini ambao mwendo utauongeza. Vumbini tairi ya nyuma inateleza ukiwa na 25, unaisikia kwenye makalio na miguuni, inarudi, inateleza tena, baada ya miezi sita mwili wako umeshajua kwamba kuteleza sio mwisho wa dunia. Kenny Roberts alitoka kwenye mbio za udongo Marekani akaenda Ulaya akachukua ubingwa wa dunia wa mashine za cc 500 mara tatu mfululizo, 1978, 1979, 1980, akiwa anaongoza mashine kwa gurudumu la nyuma. Casey Stoner, bingwa mwingine wa MotoGP, naye alikulia kwenye udongo kule Australia. Bingwa Valentino Rossi wa Italia alijenga uwanja wa udongo nyumbani kwao Tavullia, na vijana wake wote wa MotoGP wanafanya mazoezi hapo. Hao wote chakula chao ni lami, lakini shule yao ni vumbi.

Pale Nairobi sehemu ya kuanzia ni traki ya motokrosi ya Jamhuri Park, sio lazima uruke, kuna nafasi ya kujifunza kona na kusimama. Siku ya kwanza nitakukataza kukaa. Utasimama kwenye futiresti, unakanyaga na ile sehemu pana ya mbele ya mguu, magoti yamebana tangi kidogo, viwiko juu, na macho unayatupa mwisho wa kona, sio kwenye jiwe lililo mbele yako, ukilitazama jiwe utaligonga. Mtu wa lami anakosea kitu kimoja kila mara, na wewe utakikosea: akiona mashine inacheza anakaza mikono. Kwenye mchanga ukikaza mikono umekwisha, gurudumu la mbele linataka kutafuta njia yake lenyewe, we rudisha uzito nyuma, mafuta yaende, mikono iwe kama umeshika kifaranga. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, naye alitoka kwenye mashine ya cc 1000, saa nzima ya kwanza alianguka kona ile ile, upande ule ule. Mara ya sita akavua glavu akaonyesha viganja, malengelenge yamepasuka. Nikamwambia rudi, lakini safari hii imba. Akaimba kweli ndani ya helmeti, nilimsikia, na akapita, manake mtu anayeimba anapumua na anayepumua mikono yake inalegea. Na wewe na hiyo mikono yako inayotetemeka nitakuanzisha hapo hapo.

Mwili pia uandae. Dakika kumi za motokrosi moyo unapiga kama unapanda mlima mbio, mikono inajaa inakuwa migumu kama saruji mpaka vidole vinashindwa kufikia leva ya klachi. Anza kutembea, kuogelea, kuruka kamba, chochote, na kunywa maji tangu jana yake.

Mashine. Usinunue ya cc 450. Utakutana na mtu anauza 450 ya mashindano bei ya kurusha na atakuambia wewe umezoea R6 utaiweza, lakini hiyo ina zaidi ya farasi 50 kwenye kilo kama 110 na inafungua nguvu yote wakati wewe bado unatafuta mguu uko wapi. Halafu injini za mashindano zinahesabiwa kwa masaa sio kilomita, oili ni kila masaa machache, pistoni nayo ina masaa yake, mtu asiyejua anaiendesha kama bodaboda na baada ya msimu mmoja injini imekufa. Wewe tafuta kitu kama Honda CRF230F au CRF250F, inapoa kwa hewa, ina stata ya umeme, haina hasira, kilo 115 mpaka 120 hivi ambapo R6 yako inakaribia 190, ukiiangusha unaiinua peke yako. Ukienda kuikagua, shika gurudumu ugonge spoku moja moja na spana ndogo, zilizolegea zinalia sauti nzito. Fungua filta ya hewa, pitisha kidole ndani ya bomba la upande wa injini, ukipata vumbi usinunue hata wakupunguzie, hiyo silinda imesagwa kama na msasa. Filta ndiyo roho ya mashine ya vumbi, inaoshwa na kupakwa oili kila baada ya siku moja ya kuendesha, kila baada ya siku moja, sio ukikumbuka.

Upepo wa tairi nao utakushangaza. R6 unaweka 36 mbele na 42 nyuma, vumbini tunaweka 12 mpaka 14, na tyubu nene, na ile klampu ya kushika tairi kwenye rimu isije ikazunguka ikang'oa valvu. Spring ya nyuma irekebishwe kwa uzito wako, ukikaa juu na nguo zote ishuke kama theluthi moja ya safari yake yote. Na kama ni ya kabureta, kumbuka Nairobi tuko mita 1,700, hewa ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko pwani, kwa hiyo mashine iliyopangwa jeti (vile vitundu vya kupimia petroli ndani ya kabureta) za Nairobi ukishuka nayo Magadi itapata hewa nzito na mafuta yaleyale, itachemka, plagi itatoka nyeupe kama chaki. Nimeona watu wanasukuma pikipiki kwenye lile joto la Magadi kwa sababu ya jeti moja tu.

Wacha nirudi kwenye jambo ambalo hukuuliza lakini ndilo litakalokuponza. Njia za porini sio traki. Watu wengi wakisema wanahamia vumbini wanamaanisha kukata Ngong, kushuka Kajiado, kuzunguka huko Jumapili. Ni raha, sikatai, asubuhi ile ukungu uko chini yako na harufu ya leleshwa, sijawahi kuchoka nayo. Lakini njia ya vumbi ya kijijini ni barabara ya watu. Bodaboda anakuja na abiria wawili kwenye kona usiyoona mwisho, mtoto anavusha mbuzi, mvua ya juzi imekata mtaro mahali ambapo wiki iliyopita palikuwa sawa. Ukifungua mafuta huko umejirudisha kule kule ulikokimbia, na safari hii "sikukuona" unaweza kuisema wewe, kwa mama aliyebeba kuni. Mimi nikipita penye nyumba ninakuwa gia ya pili, nimekaa, mkono mmoja tayari kusalimia. Ardhi kule ina wenyewe, tunaomba ruhusa, na tukifungua geti tunalifunga. Mkitaka mwendo, mwendo uko traki.

Na usiende peke yako. Watu watatu ni vizuri, mmoja anabaki na aliyeumia, mmoja anakwenda kutafuta msaada. Chukua uanachama wa ndege ya AMREF Flying Doctors, na mkiweza kundi lenu liwe na kifaa cha setilaiti cha kutuma ujumbe, simu huko mabondeni haishiki. Mvua ikinyesha upande wa Kitengela na Athi, rudini nyumbani, ule udongo mweusi unaonata, black cotton, unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, mnakuta watu wazima wanne wanachokoa udongo na vijiti saa kumi na mbili jioni.

Nguo usibanie. Anza na buti, za motokrosi kabisa, sio hizo za polisi, manake kifundo na mfupa wa mguu ndio unaokwenda kwanza. Helmeti ya vumbi na miwani yake, bresi za goti zote mbili, kinga ya kifua na mgongo. Kola ya shingo watu wanabishana nayo, mimi naivaa na wanafunzi wangu wanaivaa, ilianzishwa na daktari wa Afrika Kusini, Chris Leatt, baada ya kumshuhudia mwendeshaji mwenzake akifa kwenye mbio za enduro, zile ndefu za porini, mwaka 2001. Ukifika traki utahitaji suti ya ngozi ya kipande kimoja, na ukiweza yenye mfuko wa hewa ndani, MotoGP wameifanya ya lazima tangu 2018. Helmeti iliyogonga chini kichwa kikiwa ndani imemaliza kazi yake, hata kama haina mkwaruzo, usimpe mdogo wako.

Sasa R6. Uza. Najua ungependa niseme baki nayo, lakini sikiliza. Traki tuliyo nayo ya lami karibu, Whistling Morans pale Athi River, ni fupi na ina kona nyingi, mashine ya 600 huwezi kuinyoosha, utakuwa unapigana nayo. Kijana mwenye 250 aliyeizoea atakupita huku na huku na utakasirika, na hasira traki ni mbaya. Ukitaka kuinyoosha kabisa ni safari ya Afrika Kusini, Kyalami ina kilomita 4.5, nenda huko ukodishe ya watu. Bima yako pia isome vizuri, bima nyingi za barabarani zimeandikwa wazi kwamba mashindano na majaribio ya mwendo hayamo. Lakini sababu yangu kubwa sio hizo. R6 ikiwa gereji na namba zake, Jumapili moja asubuhi jua litatoka, rafiki zako watapiga simu wanaelekea Naivasha, na utasema leo tu. Nimewazika wawili wa leo tu. Ukiacha lami iache kabisa. Ukiiuza, logbook usiitoe mkononi mpaka uhamisho ukamilike kwenye eCitizen, usikubali maneno ya "nitabadilisha jina wiki ijayo", ikigonga mtu kesho ni jina lako wataita.

Utaikosa barabara, hilo ni kweli na halina dawa. Mimi naikosa kile kipande cha kushuka bonde la Rift saa kumi na mbili asubuhi, Longonot iko mbele, chai ya pale juu kwenye ukingo na mahindi ya kuchoma. Sasa ninapita hapo na pikapu, mashine imefungwa nyuma kwa mikanda, natazama, naendelea. Lakini nimepata kitu ambacho lami haikunipa: mwanangu wa kiume alianza na PW50, pikipiki ndogo ya watoto, akiwa na miaka mitano, binti yangu ndiye anayehesabu mizunguko na saa mkononi, mama yao anakuja na sufuria la pilau tunakula kwenye tela na familia nyingine. Miaka yote ya lami nilikuwa naondoka nyumbani kwenda kuendesha. Sasa tunakwenda wote.

Kwa hiyo hivi ndivyo utafanya. Usinunue chochote bado. Siku ya mazoezi njoo Jamhuri bila pikipiki, nitakupa bendera ya manjano nikuweke juu ya tuta la tatu, usimame hapo asubuhi nzima. Utawaona wanaanguka futi kumi kutoka ulipo, utaona wanavyoinuka, na kama kuna asiyeinuka utaona tunavyofanya. Njoo na kofia, maji lita mbili, viatu vilivyofunika mguu, na mama watoto. Yeye ndiye aliyekuwa anaogopa simu, mpe nafasi asimame hapo naye, aone kwa macho yake na aulize maswali yake mwenyewe, nitamjibu yote.